Safu ya Ushauri: Mnunuzi anadai cheti cha uhalisi, na baba hakuacha hata kimoja

SWALI

Habari za kazi, wahariri.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa mchoraji wa Tingatinga aliyefariki mwaka juzi. Kikao cha ukoo kilinipendekeza na Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Kwenye orodha ya mali tuliandika nyumba, kiwanja na pikipiki. Picha hatukuziandika kwa sababu hakuna aliyeziona kuwa ni mali. Zipo 46, zimeegemezwa ukutani kwenye chumba cha uani. Nyingi zina sahihi ya baba, lakini kama kumi hivi hazina, kwa kuwa alizoea kusaini siku ya kuuza. Nyingine najua kabisa kwamba yeye alichora wanyama tu, mandhari ya nyuma yakajazwa na vijana waliokuwa wakijifunza kwake.

Sasa amejitokeza Mjerumani anayetaka sita, ila kila moja iwe na cheti cha uhalisi. Jamaa mmoja mwenye duka la stationeri ametuonyesha sampuli nzuri yenye muhuri wa dhahabu na stika ya hologramu, shilingi elfu kumi na tano kwa kipande. Anasema sisi tujaze majina tu. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akichora na baba tangu akiwa shule ya msingi, anasema zile zisizo na sahihi atazisaini yeye. Sahihi ya mzee anaiweza, hakuna atakayejua. Mama naye haoni tatizo, anasema mkono ni ule ule.

La mwisho: kuna picha moja ndogo ya chui, chini imeandikwa E.S. TINGATINGA. Baba aliinunua miaka ya themanini kwa mtu ambaye hakuwahi kumtaja jina. Mnunuzi hajaiona. Hiyo tukiitolea cheti si tutakuwa tumetoka kimaisha? Naombeni ushauri kabla sijamjibu.

Binti wa Mchoraji, Dar es Salaam

JIBU

Dada, pole kwa kufiwa na mzee. Kabla ya jambo lingine lolote, mwambie mdogo wako aweke brashi chini. Sahihi ya marehemu ikiwekwa leo kwenye picha ya marehemu ni ya kughushi, hata kama picha yenyewe aliichora baba yenu kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho. Kisheria ni kughushi, na ukishapokea fedha ya mnunuzi kwa kutegemea sahihi hiyo linaongezeka la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kibiashara hasara ni kubwa kuliko mnavyofikiri. Sahihi moja ikigundulika, mnunuzi ataanza kutilia shaka zile thelathini na kitu zilizosainiwa na mzee mwenyewe. Picha isiyo na sahihi lakini yenye maelezo ya kweli inauzika. Yenye sahihi ya uongo inaziharibia jina zote zilizobaki chumbani.

Sampuli ya muhuri wa dhahabu nayo iacheni dukani. Hologramu zinauzwa kwa roli, yeyote anaagiza. Muhuri wa dhahabu hausemi nani amethibitisha nini. Mnunuzi mzoefu akipokea cheti huangalia mambo mawili: aliyesaini ni nani na amejuaje, halafu kama karatasi ile imefungamanishwa na picha ile kiasi kwamba haiwezi kuhamishiwa nyingine. Cheti chenye mapengo ya kujaza kinashindwa yote mawili. Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilisimamisha lori lililokuwa linaelekea Andorra likiwa na karatasi tupu 40,000 zenye sahihi ya mchoraji Mhispania Salvador Dalí. Sahihi zilikuwa zake kweli. Lakini mpaka leo anayenunua chapa za Dalí za miaka ya mwisho haiamini sahihi peke yake, kwa sababu karatasi ilisainiwa kabla ya kuwa na picha. Kwa hiyo hata wewe usisaini vyeti vitupu ukaviweka kabatini vikisubiri wateja.

Anza na mahakama. Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na baada ya hapo hesabu, Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Mliwasilisha bila picha. Rudi kwa karani wa mahakama ile ile ukiwa na barua na orodha ya nyongeza: picha 46, kila moja na namba, vipimo na maelezo mafupi. Usiache hili kwa kuona ni usumbufu. Msimamizi anayeuza mali ambayo haimo kwenye orodha anawapa ndugu silaha ya kumshitakia, na mnunuzi akiuliza una haki gani ya kuuza, karatasi ya kumwonyesha ni uteuzi wako pamoja na orodha hiyo.

Kisha itisheni kikao cha familia na mwandike muhtasari: kuanzia leo mtu mmoja tu ndiye anayesaini vyeti vya kazi za mzee. Wewe ndiye unayefaa, kwa nafasi yako ya usimamizi. Na muhtasari useme usimamizi ukishafungwa na picha zikagawanywa, nani atabaki na kazi hiyo. Picasso alipofariki mwaka 1973, mabinti na wavulana wake hawakuwa na utaratibu mmoja. Kwa miaka mingi binti yake Maya na mwanawe Claude walikuwa kila mmoja anatoa vyeti vyake, na wanunuzi makini wakawa wanatafuta vyote viwili. Mwaka 2012 warithi wanne wakatangaza kwamba kauli ya Claude peke yake ndiyo watakayoitambua. Familia yenye mawakili wa kila aina ilifika huko baada ya karibu miaka arobaini. Ninyi mnaweza kulimaliza jioni moja, mama na mdogo wako wakiwepo na wakisaini.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta daftari gumu lililoshonwa, lisiwe la waya ambalo kurasa hutolewa na kurudishwa. Kila picha ipate namba yake: M-001 hadi M-046, M ikiwa ya mirathi. Usiingize mwaka ndani ya namba, maana picha nyingi hujui mwaka wake na utalazimika kubuni. Namba ikishatolewa haitolewi tena, hata picha ikiungua.

Kila picha ipigwe picha tano. Simu nzuri inatosha. Toka nje asubuhi, kivulini, jua lisipige moja kwa moja kwa sababu rangi ya kopo inang'aa kama sahani. Simamisha kazi wima, simu iwe usawa wa katikati yake, sogea nyuma mita mbili na uvute kwa zumu mara mbili. Ukisogea karibu, kingo zinapinda na vipimo havitafanana na picha. Weka rula pembeni. Piga mbele nzima, nyuma nzima, sahihi kwa karibu (au kona ambako sahihi ingekaa), na ukingo mmoja. Usikate kingo wala usiisafishe nyuma. Nyuma ya picha za Tingatinga kuna habari nyingi kuliko mbele: bei ya zamani, jina la duka, namba ya simu. Namba ya simu ya mkononi inayoanza na 0741, 0744 au 0748 inaweza kuwa ya kabla ya mabadiliko ya namba ya katikati ya miaka ya 2000, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa namba zinazoanza na 074 zilitolewa tena baadaye.

Picha ya tano ndiyo itakayokuokoa. Chukua tochi usiku, iangazie picha kutoka ubavuni, mwanga ukilala juu ya rangi. Rangi ya enameli ya kopo hukauka kwa haraka usoni huku chini bado laini, kwa hiyo inanasa vitu: unywele wa brashi, chembe ya vumbi, kipovu kilichopasuka, mchirizi ulioteleza juu ya ukingo. Tafuta kimoja ambacho hakiwezi kurudiwa, kipige kwa karibu, kisha pima kilipo. Kwa mfano: "unywele wa brashi wenye urefu wa milimita 11 umenasa ndani ya rangi nyeusi ya shingo ya twiga, sentimita 14.2 kutoka ukingo wa kushoto na 9.6 kutoka chini." Maneno hayo yaandikwe kwenye daftari na kwenye cheti. Kwenye Tingatinga jambo hili lina uzito wa pekee. Twiga wawili chini ya mbuyu wamechorwa mara elfu na mafundi wengi, na baba yenu mwenyewe huenda alichora kumi wanaofanana kama mapacha. Cheti kinachosema "Twiga, 60 × 60" kitawatosha wote kumi. Mtu atauza picha, atabaki na cheti, halafu atakiambatanisha na twiga aliyemnunua barabarani. Cheti chenye unywele wa milimita 11 hakihami.

Vipimo chukua bila fremu, kimo kwanza halafu upana, kwa sentimita hadi milimita. Pima pande zote nne. Hadibodi za zamani zilikatwa kwa msumeno wa mkono na ni nadra kuwa mraba kamili. Bamba zima lina futi nne kwa nane, yaani sentimita 122 × 244, nalo linatoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili. Ndiyo maana picha nyingi za mtindo huu zina upande unaokaribia sentimita 61 na kupungua kidogo kwa sababu ya upana wa msumeno. Ukiandika 59.8 × 60.9 umeandika kitu cha kweli. Ukiandika 60 × 60 umekisia.

Upande wa malighafi, andika unachokiona. "Rangi ya enameli kwenye hadibodi" au "rangi ya enameli kwenye kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu ya mbao". Neno "rangi ya mafuta" peke yake lisitumike kwa rangi ya kopo, maana mnunuzi wa Ulaya ataelewa rangi ya tyubu ya wachoraji na atakuja kulalamika. Mwaka usioujua andika kwa kadirio na sababu yake: "takriban 1998–2005, kwa kufuata namba ya simu iliyoandikwa nyuma".

Tufike kwenye kauli ya nani alichora, ambapo wengi huharibu. Hukuwa chumbani siku zote, kwa hiyo cheti chako hakiwezi kusema kwa sauti ya mchoraji. Kiseme kwa sauti ya msimamizi, hivi:

"Mimi, msimamizi wa mirathi ya marehemu (jina kamili), nathibitisha kwamba picha iliyoelezwa hapa ilikuwa miongoni mwa mali aliyoiacha, na imeandikwa kwa namba M-017 katika daftari la mirathi. Kwa kadiri ninavyofahamu, picha hii imechorwa na marehemu. Msingi wa kauli hii: sahihi yake ya mkono chini kulia, na maelezo ya mwanawe aliyefanya naye kazi."

Mstari wa mwisho, wa msingi wa kauli, vyeti vingi havina, na ndio wa kwanza kusomwa na mtaalamu. Kwa picha zisizo na sahihi andika wazi: "Haina sahihi. Ilikutwa katika chumba cha kazi cha marehemu baada ya kifo chake." Badala ya kusaini, chongesha muhuri mdogo wa mpira wenye maneno "Mirathi ya" na jina la baba, uugonge nyuma ya picha pamoja na namba. Ni utaratibu unaofahamika duniani kote kwa kazi ambazo msanii hakuwahi kuzisaini. Hamjifanyi kuwa yeye, mnasema tu kwamba imetoka kwake. Mdogo wako akitaka kugonga kitu, agonge huo, mbele yako.

Zile ambazo vijana walijaza mandhari, usizifiche. Kufundisha kwa kushirikiana ni desturi ya Tingatinga tangu mwanzo. Mwanafunzi huanza na mandhari ya nyuma, mwalimu anamalizia mnyama, na mnunuzi anayeujua mtindo huu hashangai. Andika "Imechorwa na (baba), mandhari ya nyuma yamejazwa na wanafunzi wake". Kama wanyama pia ni wa wanafunzi na baba alirekebisha tu, andika "Karakana ya (baba)". Kama hujui kabisa, "Inahusishwa na (baba)". Hizo ni ngazi tofauti na bei zake ni tofauti. Ukishaandika "imechorwa na" bila nyongeza, umeahidi ngazi ya juu kuliko zote. Kaa na mdogo wako mpitie moja baada ya nyingine. Katika hili yeye ndiye shahidi wako mkubwa, kwa kuwa anajua mkono wa nani uko wapi. Aandike maelezo yake ya kila picha kwa mwandiko wake na asaini kwa jina lake. Na zile atakazochora kuanzia sasa, hata akirudia chui wa baba yake nukta kwa nukta, ni halali kabisa ilimradi chini kuna jina lake yeye. Mafundi wa mtindo huu wamekuwa wakirithishana chui na ndege tangu mwanzo. Tatizo halijawahi kuwa chui.

Karatasi yenyewe. Nunua karatasi ya wachoraji wa rangi za maji iliyoandikwa kuwa ni pamba asilimia 100 na haina asidi, gramu 200 kwa mita ya mraba au zaidi kidogo. Karatasi ya rimu ya ofisini inageuka njano, na wino wa printa za kawaida za wino unafifia na kuvuja ukipata unyevu wa pwani. Chapa kwa printa ya leza, lakini jaribu kipande kwanza, maana nyingi zinakwama karatasi ikizidi gramu 200. Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Bandika juu yake picha ya kazi iliyosafishwa studio, sentimita 10 × 15, kisha saini kwa kalamu ya wino usiofutika ili nusu ya sahihi ikae juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Muhuri wa kubonyeza nao ukipita kwenye ukingo wa picha, atakayeibandua ataacha alama. Weka tarehe ya kutoa cheti. Usirudishe tarehe nyuma ili ionekane kilitolewa enzi za mzee.

Usiandike bei. Bei inakaa kwenye ankara na risiti. Cheti chenye bei kinageuzwa kuwa tathmini, na miaka kumi baadaye mtu atakuja kuuliza kwa nini picha yenye cheti cha euro 900 haipati wa kuinunua kwa 500. Ongeza sentensi mbili mwishoni: kwamba cheti si tathmini ya thamani, na kwamba hakimiliki haikuuzwa pamoja na picha. Sentensi ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Anayenunua picha ananunua ubao na rangi. Haki ya kuichapa kwenye kadi, kanga au vikombe imebaki kwenu warithi mpaka mtakapoitoa kwa maandishi. Pia ingizeni hakimiliki kwenye orodha ya nyongeza ya mahakama, kwani nayo ni mali ya mirathi.

Nyuma ya picha, namba iandikwe hivi: kwenye hadibodi, bandika lebo ndogo ya karatasi ile ile ya pamba kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa. Selotepu usitumie, gundi yake inakauka na kuacha doa la kahawia, na lebo inaanguka. Kwenye kitambaa, andika kwa penseli laini ya 2B juu ya mbao ya fremu, si juu ya kitambaa. Kalamu ya maka ikiandikwa nyuma ya kitambaa hupenya ikatokea mbele, mara nyingi katikati ya anga la buluu, na haitoki tena.

Kila picha iwe na cheti kimoja halisi. Nakala yake baki nayo, pamoja na picha zote za simu, kwenye vifaa viwili tofauti vilivyo nyumba mbili tofauti. Mnunuzi akikipoteza, usimchapie kingine kinachofanana. Toa kipya kilichoandikwa juu "Kimetolewa badala ya cheti cha tarehe fulani, ambacho kimefutwa", na uandike hivyo daftarini. Vyeti viwili halisi vya picha moja vina tabia ya kujitafutia picha ya pili. Ukiulizwa kuhusu vyeti vya kidijitali vya mnyororo wa bloku (blockchain), si vibaya, lakini vinalinda rekodi tu. Kuunganisha rekodi na ubao bado kunahitaji ule unywele.

Sasa chui wa E.S. TINGATINGA. Usimtolee cheti. Huna mamlaka juu ya kazi ya Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu. Wewe ni msimamizi wa mirathi ya baba yako, na unachoweza kuthibitisha ni kwamba baba yako aliimiliki tangu miaka ya themanini. Marehemu Tingatinga alianza kuchora na kuuza Oyster Bay mwaka 1968 na akauawa kwa risasi za polisi waliodhani ni mhalifu mwaka 1972. Ni muda wa takriban miaka minne tu. Picha zilizowahi kuuzwa kwa jina lake hazingeweza kutoka kwenye miaka minne ya mtu mmoja, na kuandika herufi kubwa kumi na mbili kwa brashi si kazi ngumu. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, kwa hiyo picha zenye historia inayoeleweka huja na kitu: barua ya familia, picha ya sebuleni ya miaka ya sabini, risiti. Yenu imekuja na mtu asiyetajwa jina.

Hiyo haina maana kwamba ni bandia. Angalieni ubao: kazi zake nyingi ziko kwenye hadibodi, kwa rangi ya enameli ya madukani. Ikiwa yenu iko kwenye kitambaa, shaka inaongezeka. Angalieni kama rangi ya herufi imekaa juu ya uchafu na mikwaruzo ya zamani au chini yake. Herufi zilizopita juu ya mkwaruzo ziliandikwa baada ya mkwaruzo. Nunueni lenzi ya kukuza mara kumi, inatosha kuona hilo. Kisha iacheni kama ilivyo, bila kuifuta wala kuipaka vanishi, ipigwe picha kama nyingine, na iandikwe daftarini kwa maneno haya: "imeandikwa E.S. TINGATINGA, mchoraji hajathibitishwa". Siku ikiuzwa, iuzwe kwa maneno hayo hayo, baada ya kuonyeshwa kwa watu zaidi ya mmoja wanaoijua kazi ya kipindi hicho. Wazee wa chama cha wachoraji wa Tingatinga pale Oyster Bay, kilichosajiliwa mwaka 1990, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukikutana na mtu anayekwambia atakutafutia "historia" ya picha kwa malipo, ondoka. Uingereza, tapeli John Drewe alipenyeza nyaraka za kughushi hadi ndani ya hifadhi ya makumbusho ya Tate ili picha alizochorewa na John Myatt zionekane zina ukoo. Myatt alikuwa akitumia rangi ya kupaka kuta, na hilo halikuwashtua wanunuzi kwa muda mrefu kwa sababu karatasi zilikuwa nzuri. Drewe alifungwa miaka sita mwaka 1999.

Mjerumani mjibu hivi: vyeti vipo, vinatolewa na mirathi, na mtumie mfano mmoja wenye picha na msingi wa kauli, ukiwa umefunika sehemu ya sahihi yako. Kati ya sita alizochagua, mweleze ipi haina sahihi na ipi ilisaidiwa na wanafunzi, kabla hajatuma fedha. Akipunguza bei kwa hizo, mjadiliane. Akijitoa, amejitoa kabla ya gharama ya kusafirisha na kurudisha.

Kwake cheti kina kazi nyingine forodhani. Picha iliyochorwa yote kwa mkono inaingia kwenye kifungu 9701 cha ushuru wa forodha. Ujerumani haitozi ushuru wa forodha kwa kifungu hicho, na kodi ya ongezeko la thamani ya uingizaji ni asilimia 7 badala ya 19. Afisa akiona rundo la picha za wanyama zinazofanana anaweza kuziweka kwenye mapambo ya kawaida, na mnunuzi akalipa zaidi. Kwa hiyo kwenye ankara andika kila picha kwa mstari wake: namba, jina la mchoraji, "imechorwa kwa mkono, kazi moja pekee, si chapa", malighafi, vipimo, bei. Nakala za vyeti ziambatane na ankara. Vyeti halisi vitume kwa bahasha ya peke yake, kwa kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia, baada ya fedha kuingia benki na si baada ya kutumiwa picha ya skrini inayoonyesha kwamba fedha imetumwa.